Gunia la Tatu

Jirani yangu Lenah ndiye aliyeniambia kwanza, jana jioni nikianua nguo, Mama Ryan, umesikia magunia ya mboga yanatoka, mwenye ploti anataka gari la mpangaji mpya lilale hapo, nami nikasema sawa, kama kawaida yangu, nikasahau hata soksi mbili kwenye kamba, na sasa ni Jumamosi, nimeinama juu ya beseni, povu hadi viwiko, na Kimanzi, keateka wetu, msimamizi wa ploti, yuko nyuma yangu akipigapiga funguo pajani, kesho saa tatu nataka hapa pawe wazi, Mama Ryan, magunia matatu tu, si eti ni shamba... si shamba, nasugua kola, na zile sukuma ulizoomba wakati wa mvua, nikatie majani mawili tu, nikakukatia kumi, je, zilitoka mbinguni, lakini hayo nayasemea ndani ya povu, na Lenah anacheka mlangoni kwake, Kimanzi, huyo hata umwambie ahamie mwezini, atakuuliza tu abebe beseni gani, nami nacheka pia, kwa mazoea, halafu naona kumbe sicheki. La kwanza nitalimwaga, la pili pia, managu nitapanda kwingine, ila gunia likishajaa halibebeki, niliyajenga mwenyewe, kopo la rangi lisilo na kitako katikati, kokoto ndani, udongo pembeni, unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, ukitaka kulihamisha ni kulipasua, na la tatu halipasuliwi, la tatu lina kitovu cha Ryan... kilianguka siku ya sita, kikavu kama ganda la maharagwe, nikakifunga kwa kitambaa, nikampigia mama yake baba Ryan, Javan, kule Bungoma, nikamuuliza kwa heshima, mama, nikilete lini kizikwe kwenu mgombani, akasema mtoto wa nani, Javan hajatuambia ana mtoto, nami nikasema sawa, mama, yaani nilisema sawa hata hapo, na Javan mwenyewe simu yake haijashika tangu siku hiyo, basi nikakizika hapa, mchana peupe, nikijifanya napalilia, na watu wakipita wakinisalimu... unanisikia lakini, anauliza Kimanzi, namsikia, maji yamekuwa meusi, nayamwaga, nachota mengine, Ryan ameketi chini ya gunia anakula udongo, mdomo wote mweusi, siku nyingine ningekimbia kumpangusa, leo mwache ale, ni wake, hapa mtaani Mowlem kila mtu ukimuuliza nyumbani ni wapi anakutajia mbali, Murang'a, Kitui, Bungoma, huyu atakapoulizwa ataonyesha kwa kidole, pale, gunia la tatu karibu na mfereji, na kama pale pamelala gari ataonyesha nini, tairi... kwa hivyo tumeelewana, sawa, anasema Kimanzi, na lile neno linanijia lenyewe, linafika kwenye meno, nakamua suruali hadi vidole vinauma, sawa, Mama Ryan, anarudia, funguo zinapiga paja, maji yanaingia kwenye beseni, nageuza suruali, naanza kukamua mguu wa pili.

Kesho yake asubuhi nilimwaga magunia mawili, nikafagia, na saa tatu, gari likinguruma langoni, nilimpa Kimanzi panga, mpini ukielekea kwake, nikamwambia mbele ya Lenah na dereva, humu mna kitovu cha mwanangu, pasua wewe. Ana watoto wanne, Kimanzi. Aliangalia panga, akamwangalia Ryan, akaweka mikono mfukoni. Nikachota maji ya kusuuza, nikalimwagilia lile gunia polepole, hadi yakatokea chini.