Kamera Nyuma ya Pazia

Nyumbani kwangu kuna sheria moja tu, na ina umri mkubwa kuliko watoto wangu: pazia likishuka, wanaume nje.

Pazia lenyewe ni la kitambaa kizito cha kijani, nalo limeigawa sebule mara mbili. Upande wa mbele kuna viti na runinga. Upande wa ndani kuna cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu, na kigoda anachosimama mteja nikimpima pindo. Nimeshona nguo za wanawake upande huo kwa miaka arobaini na mitatu. Mwanamke akija, nashusha pazia, anavua, napima, anavaa, napandisha pazia. Marehemu mume wangu alikuwa akiona tu mkono wangu umegusa kamba ya pazia, ananyanyuka na gazeti lake hata kama chai haijaisha. Wanangu wawili wa kiume wamekua wakikaa uani saa hizo, liwe jua iwe mvua.

Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwamba mwanangu mkubwa hawezi kusema hakujua.

Yalianza na kamba ya nguo. Mchana kweupe, mtu aliingia uani akaanua vitambaa viwili vya mteja. Vitambaa hivyo nilikuwa nimevilowesha na kuvianika, maana kitambaa kipya kikiwa cha kunywea na kupungua ni heri kinywee kabla ya mkasi kuliko baada. Nilitoka na beseni nikakuta vibanio vitupu vimening'inia. Nikampigia mwanangu.

"Mama, tulia," akasema. "Jumamosi nakuja kukufungia kamera."

Huyu tunamwita Injinia. Jina alilipata akiwa na miaka tisa, alipoifungua redio ya baba yake aone sauti inatoka wapi. Mpaka leo haijafungwa.

Jumamosi akaja na boksi lenye kamera nne, kila moja ukubwa wa yai, hazina waya hata mmoja. Nikamwambia mimi shida yangu ni kamba ya nguo na geti.

"Mama, zinakuja nne. Sasa nyingine tuzifanye hereni?"

Nikacheka, nikaenda jikoni kumpikia. Hilo ndilo kosa langu, nalo nalibeba mwenyewe. Niliporudi alikuwa anashuka kwenye ngazi anajifuta jasho. "Tayari. Geti, uani, mlangoni, na ya ndani." Nikadhani ya ndani ni ile niliyoiona juu ya mlango, inatazama viti. Nikauliza picha zinakwenda wapi.

"Zinahifadhiwa, Mama. Usijali."

Jumanne akaja Mwalimu Mkuu. Huyu mama namshonea tangu alipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na sasa anastaafu, alitaka gauni la kuagia shule yake. Mwalimu ana jambo moja analolijua yeye, daktari wake na mimi. Alifanyiwa upasuaji miaka sita iliyopita, na tangu hapo kila nguo ninayomshonea naijaza upande wa kushoto wa kifua, kidogo kidogo, mpaka pande zote mbili zilingane. Hata dada yake hajui. Hajaniambia nisiseme, wala sijamwahidi. Tulishusha pazia tu, ikatosha.

Siku hiyo nikampima, tukacheka, akaacha kitambaa chake cha zambarau, akaenda zake.

Jioni jua halijazama, simu ikaita. Mkwe wangu, mke wa Injinia. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo. Kisha akashusha sauti.

"Mama, yule mteja wako wa leo, maskini. Aliumwa nini?"

"Mteja gani?"

"Yule wa kitambaa cha zambarau. Nilifungua kwenye simu nione kama umekula mchana, nikamwona amesi..." Nadhani alisikia pumzi yangu.

Niliweka simu mezani, nikaenda upande wa ndani, nikainua macho. Ilikuwa pale juu ya fimbo ya pazia, nyeupe kama dari, inatazama kigoda. Kigoda hasa! Siku nne nzima.

Mimi si mtu wa kupiga kelele. Nimelea wawili, nimeuguza mmoja, nimefumua mishono ya watu wasiojua wanachotaka, na sijawahi kurusha hata kijiko. Lakini jioni ile hata shikamoo sikuingoja. Nikampigia mwanangu.

"Nani anaiona hiyo kamera ya ndani?"

"Mimi tu, Mama."

"Mkeo ameiona."

"Ah, na mke wangu. Ni mwanamke mwenzenu, Mama."

"Na nani?"

"Mdogo wangu nilimpa, maana yuko mbali, ana wasiwasi na wewe."

"Na nani?"

"Na fundi simu aliyenisaidia kuunganisha. Lakini yule hana habari na..."

"Fundi simu!"

"Mama, sikiliza..."

"Fundi simu ana sebule yangu mfukoni?"

"Mama, ile nilikuwekea kwa ajili yako. Mwaka jana uliteleza jikoni ukakaa chini nusu saa. Ukianguka tena nani ataona?"

Kumbe! Kwa hiyo ya geti ilikuwa ya mwizi, na ya ndani ilikuwa yangu. Mimi niliyekaa chini nusu saa kwa sababu nilikuwa nasubiri mguu upoe, kisha nikainuka nikaendelea kupika.

"Kwa hiyo mwizi unayemlinda ni mimi," nikasema. "Wewe nilikufundisha kutoka nje pazia likishuka ukiwa na miaka minne. Hiyo kamera yako nani ameifundisha?"

Nikamwambia kesho afike na simu yake.

Alifika. Nilimkalisha kwenye kiti cha baba yake, akafuta picha zote mbele ya macho yangu, moja baada ya nyingine, mimi nimesimama nyuma yake. Akawapigia wote, simu ikiwa kwenye spika nisikie. Mdogo wake aliapa hajawahi kuifungua, akasema pole Mama mara tano. Mkwe alilia. Fundi simu akasema, "Mimi hata sikuangalia, mzee wangu," kwa sauti ya mtu anayetafuna kitu. Basi. Nimeachwa niamini neno la mtu nisiyemjua hata sura, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kisha nikapanda ngazi mwenyewe nikazing'oa zote nne, nikazirudisha kwenye boksi lake.

"Nitakutafutia nyingine, Mama."

"Hapana. Hii nachagua mimi na nafunga mimi."

"Utaweza?"

"Redio ya baba yako iko wapi?"

Akachukua boksi lake akaondoka.

Kabla ya kamera lakini, palikuwa na jambo la kwanza. Ningeweza kunyamaza. Picha zimefutwa, Mwalimu hajui, gauni ningelishona angelivaa. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, likanuka. Nikavaa, nikaenda shuleni, nikamkuta ofisini kwake anasahihisha. Nikamwambia yote, pamoja na fundi simu, pamoja na siku nne. Sikusema mwanangu hakukusudia, ingawa ni kweli, maana haikuwa kazi ya Mwalimu kumhurumia.

Alifunga kalamu. Akaifungua. Akaifunga.

"Pale ndani nilijua tuko wawili," akasema.

"Hata mimi nilijua hivyo, Mwalimu."

"Kitambaa changu nitamtuma mtu akichukue. Nitavaa gauni la zamani."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Alasiri akaja mlinzi wa shule, nikamkunjia kitambaa kile vizuri kama naitia nguo ya mtoto sandukuni, nikampa.

Siku iliyofuata nilikwenda duka la vifaa vya umeme. Muuzaji kijana, shati limepigwa pasi, akatazama nyuma ya bega langu.

"Karibu, Bibi. Umekuja na nani?"

"Nimekuja na miguu yangu. Nataka kamera ya uani."

Akashusha boksi linalong'aa. "Hii ndiyo inayotoka sana. Haina waya, picha unaipata kwenye simu popote ulipo."

"Popote nilipo mimi, au popote alipo mwenye neno la siri?"

Akacheka kidogo. "Vyote, Bibi."

"Irudishe."

Akashusha nyingine. "Hii inaongea. Mwizi akiingia unamfokea ukiwa kitandani."

"Kufoka najua tangu zamani. Sikiliza, mwanangu. Nataka ambayo picha yake haitoki nje ya geti langu. Inarekodi kwenye mashine yake, mashine iko ndani kwangu, ina waya wake na kioo chake cha kuonyeshea picha, na haijui intaneti ni mnyama gani."

Ndipo akanitazama mimi badala ya bega langu. "Zipo. Ila ni za zamani kidogo, watu siku hizi hawazitaki."

"Hata mimi ni wa zamani kidogo. Lete."

Akaleta boksi lenye kamera mbili na waya wa mita kumi. Akasema mita kumi zinatosha nyumba yoyote. Nikatoa mfukoni gurudumu la uzi. Nilikuwa nimeuvuta uzi ule toka nguzo ya kamba ya nguo, ukutani, konani, dirishani, hadi rafu iliyo kando ya cherehani, nikaongeza kidogo kama tunavyoacha nafasi ya mshono, nikapiga fundo. Nikamshikisha ncha, nikaanza kurudi kinyumenyume na gurudumu langu. Nikapita makabati, nikapita mlango, nikafika kibarazani, fundo bado.

"Hii ndiyo nyumba yangu," nikamwambia kutoka nje.

Akaleta waya wa mita ishirini. Nikamwambia aiwashe kamera palepale. Akazima taa nione inavyoona gizani, akaimwagia maji nione kama inavumilia mvua. Mpaka naondoka alikuwa ananiita Mama, si Bibi.

Maelezo ya boksi yalikuwa katika lugha nisiyoijua, na hata kwa ninayoijua, shule niliishia darasa la nne. Lakini palikuwa na michoro, na mchoro ni mchoro. Mtu anayeweza kusoma mkono wa gauni uliochorwa kwenye karatasi, umekatwa vipande vinne, hashindwi na kishale kinachosema hiki kiingie hapa. Seremala jirani aliniazima drili, akataka kunifanyia. Nikamwambia anionyeshe pa kushika tu. Tundu la kwanza nililikosea, likagonga jiwe, likaacha jeraha ukutani ambalo liko mpaka leo. La pili likapita. Waya nikauacha uning'inie kidogo chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke pale yasiufuate hadi ndani. Nilipowasha, kamera ya uani ilikuwa inaona kamba yangu na mlango wa bafu la seremala. Nikapanda tena nikaigeuza. Nikashuka, nikatazama, nikapanda tena. Mara ya tano ikaona kamba na ukuta wangu tu. Ya pili inaona geti hadi mlangoni. Basi, hakuna zaidi.

Nikarudi shuleni.

"Sikuja kuomba kazi, Mwalimu," nikamwambia. "Nimekuja kukuomba uje ukague."

Hakuahidi. Lakini Ijumaa, zikiwa zimebaki siku nane aage shule, viatu vyake vikavuliwa kizingitini kwangu. Hakukaa. Alipita moja kwa moja upande wa ndani, akapanda kigoda, akapitisha kidole juu ya fimbo ya pazia mwanzo hadi mwisho. Akakagua nyuma ya kioo. Akakagua chini ya meza. Mimi nimesimama kama mwanafunzi.

"Haya matundu mawili?"

"Ndipo ilipokuwa. Sikuyaziba. Ningeyaziba, wewe ungejuaje?"

"Na hiki kioo hapa kwenye rafu?"

"Kinaonyesha nje tu. Angalia. Kamba, geti."

Alikitazama kwa muda. Upepo ulikuwa unatikisa vibanio kwenye kamba. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa cha zambarau, akakiweka juu ya meza ya kukatia.

"Shusha pazia," akasema.

Nikashusha. Nilikuwa na pini tatu mdomoni pale alipocheka ghafla. "Mwanao huyo."

Kwenye kioo kidogo Injinia alikuwa anaingia getini na mfuko wa matunda mkononi. Akaja hadi karibu na mlango, akaviona viatu vya kike kizingitini. Akasimama. Akajikuna shingo. Akarudi uani, akapindua ndoo, akakaa juu yake chini ya kamba ya nguo, mfuko kwenye mapaja. Matone yakaanza, kwanza moja moja.

"Mtoto wa watu analowa," Mwalimu akasema.

Nikatoa pini mdomoni. "Ana miaka arobaini na moja. Hayeyuki. Geuka kidogo, tuanze na kushoto."