Maharagi ya Kahongya

Asubuhi ya siku ya mbio, Bénite alianua vitambaa vilivyolala kwenye kamba nyuma ya nyumba yao, Mulekera, mjini Beni. Vilikuwa vitambaa vyeupe, vimechanwa kutoka shuka moja la kitanda, vikachemshwa kwa sabuni ya kipande, vikakauka na kuwa vigumu kama maganda ya mahindi. Kwa vitambaa hivyo alimfunga dada yake Kahongya titi la kushoto, lile lenye kidonda, akaliweka fundo upande wa mbavu ili lisimwumize garini. Kahongya akanywa uji wa mtama, nusu kikombe. Kisha akapanda gari la kwenda Butembo, begi la safari mapajani, kwa sababu huko ndiko mbio zingeishia, na huko ndiko safari ya Kampala ingeanzia.

Daktari alisema ugonjwa huo ni kansa, na mashine ya kuuchoma haipo huku, iko Kampala. Alisema pia aende mwezi huu, asingoje mavuno. Ndiyo maana wanawake wa Tubebane, kikundi chao cha wagonjwa wa kansa, waliamua mmoja wao akimbie marathoni, na watu wa njiani watoe chochote walicho nacho. Bénite hakuwa mgonjwa, lakini alikuwa na miguu myepesi. Zamani alikuwa akitoka shambani Mangina kwa miguu na kukuta chakula cha mchana bado kiko motoni. Marathoni ya redioni ni kilometa arobaini na mbili. Kutoka Beni hadi Butembo ni zaidi, lakini hapakuwa na ofisi ya kwenda kuomba barabara ipunguzwe.

Akabandika namba kifuani, akaanza. Luc, mume wa Kahongya, alimfuata polepole kwa pikipiki, kikapu kimefungwa nyuma.

Kila penye nyumba watu waliacha kumenya mihogo wakasimama. Huku, mwanamke akionekana anakimbia barabarani, ni habari ya kifo inapelekwa kwa ndugu.

"Nani alikufa?" mama mmoja akauliza.

"Hapana mutu alikufa, mama. Ni yaya yangu, dada mukubwa. Iko mugonjwa, tunamutafutia njia ya Kampala."

"Aa, hayakufa bado." Mama yule akashusha mikono ambayo alikuwa ameshaiweka kichwani. "Bon. Mungu atamuponyesha."

Akarudia mihogo yake.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Walipofika chini ya mlima wa Kabasha, kikapuni mlikuwa na maparachichi na chupa ya maji.

Hapo mlima unapoanza, Kitsa alikuwa amesimama kando ya barabara, anakaza kitenge chake kiunoni. Kitsa alikuwa wa kikundi. Walimzika wakati wa mvua. Alivaa gauni lile lile walilomzikia, na namba kifuani. Nyuma yake walikuwa wenzake, wote waliofia kikundini, miguu mitupu.

"Umekawia," Kitsa akasema. "Tulisema utapita asubui."

"Niko nakimbia na miguu ya mutu," Bénite akajibu.

"Njo maana tunakuya kukusindikiza. Wee Luc, endesha muzuri, usitutilie vumbi mu nguo. Hatuna ingine."

Luc akapunguza mwendo.

Walipanda pamoja. Wafu walikuwa na pumzi nzuri, kwa kuwa hakuna kilichowauma tena. Nguo zao zilinuka udongo mbichi na naftalini. Kitsa aliuliza habari za watoto wake. Bénite akamwambia mkubwa amefaulu darasa, mdogo anakohoa. Kitsa akasema wampake mawese ya moto kidogo kifuani, wasimwache alale karibu na mlango.

Huko juu watu waliwaona wakipita, wakafanya lile linalofanywa penye msiba. Wamama walileta maharagi kwa mabeseni, wakaleta kuni, chumvi, unga wa muhogo, na mashuka meupe ambayo bado yalikuwa na mikunjo ya dukani. Kila mmoja aliwapa wafu mkono, kisha Bénite, akasema pole. Kikapu kilijaa. Gari la makabichi lililokuwa likienda Butembo lilisimama kubeba kilichobaki. Walipofika kijiji cha Maboya, seremala mmoja aitwaye Maliro alitoka na mbao begani.

"Yaya yako, urefu yake inafika wapi?" akauliza.

Bénite akaweka kiganja penye sikio lake. "Mais bado iko muzima, papa."

"Iko sawa. Mbao itapata wakati ya kukauka."

Waliingia Butembo jua likiwa limelegea. Kahongya alikuwa uani kwa kanisa, kwenye kiti cha plastiki, begi mapajani. Wafu wakaketi kwenye benchi, hawahemi, wakaacha nafasi katikati. Kahongya akaitazama ile nafasi, akavuta kiti chake karibu na Luc.

"Tuuzishe," Luc akasema, mikono juu ya gunia. "Tuuzishe hii vitu, kesho apande gari."

Hakupatikana mnunuzi. Kitu cha matanga hakiuzwi, na wamama wa soko la Butembo walivitambua kwa kuviangalia tu. Mmoja wao, alipoelezwa kwamba mwenyewe bado ni mgonjwa, aliongeza beseni lake la maharagi juu ya yale mengine, akasema pole.

"Donc chakula ya matanga yangu imenitangulia," Kahongya akasema. "Mupike muzuri. Maharagi ya Kabasha inakawiaka kuiva."

Bénite akacheka. Kisha akakaa chini, akavua viatu.

Walirudi Mulekera na begi lile bila kulifungua. Vitu vilipangwa chumbani kwa mgonjwa, kwa kuwa jikoni mlikuwa na panya. Kahongya alivitazama kutoka kitandani. Shuka moja alilichana mwenyewe kuwa vitambaa vya kidonda. Mengine aliyaacha, kwa adabu. Alikufa kabla ya mavuno. Matangani hakuna kilichopunguka. Watu walisema hawajaona matanga yaliyoandaliwa vizuri namna ile, na mbao zilikuwa kavu kabisa.

Mwaka uliofuata Bénite alikimbia tena, Luc nyuma yake. Chini ya Kabasha, Kahongya alikuwa amesimama mbele ya wenzake, namba kifuani, matiti yote mawili mazima chini ya gauni.

"Maharagi iliiva?"

"Ilikawia, yaya."

"Nilisema."

Wakapanda mlima. Huko juu watu walikuwa wamekwisha kutoka na mabeseni yao, maana sasa siku waliijua.

Butembo, uani kwa kanisa, kwenye kiti kile cha plastiki, alikuwa ameketi Solange wa kikundi, ambaye ugonjwa ulimwanzia kwenye kizazi. Begi la Kampala lilikuwa mapajani mwake. Aliliona gari linaingia na kuni na mashuka, akasogeza miguu yake, wapate pa kushushia.