Dau la Kwanza

...kwa sababu taa yenyewe haina kosa, ni shingo tu imelegea, na nani hajalegea mahali, lakini chini ya picha yake simuni pameandikwa kavukavu, hakuna dau, tangu jana hakuna dau, na muuzaji kaipiga picha sakafuni mpaka kidole gumba chake kimeingia, maskini, hata kupiga picha hajui, ndiyo maana yeye, mshona sare za shule ambaye saa hizi angepaswa kuwa anapiga pindo, akaiwekea dau dogo kabisa, la kuanzia, si kwamba anaitaka, jamani, anaifungulia njia tu, kwenye mnada wa simuni watu wakishaona kuna mmoja wanakuja, kazi ni kumpata huyo wa kwanza... "Umemjibu mtoto?" Ni mumewe, amekaa mlangoni na brashi ya viatu, naye, "Namjibu, baba watoto," bila kuinua macho, kwa sababu dakika zinayoyoma na hakuna aliyepandisha, na wasipopandisha italetwa hapa, kama lilivyoletwa birika lisilo na mfuniko, na mizani ya jikoni inayodanganya, na yale mabuti ya mpira yasiyomwenea mtu yeyote humu ndani, vyote chumbani kwa mwanawe, juu ya kitanda, chini ya kitanda, dirisha lenyewe halifunguki tena, na mwanawe ameandika asubuhi, Mama, chumba changu bado kipo?, hivyo tu, mwanamume mzima, mke kaondoka, kazi ya udereva imekwisha, naye akasoma, akafunga, akarudi kwenye taa... "...usimwache anang'ang'ania simu," mumewe anasema, na jambo jingine kuhusu rangi ya viatu, imeisha au inakaribia kuisha... si kwamba hamtaki, nani kasema hamtaki, ila dada yake ana nyumba kubwa, mjomba wake ana duka na analia kila siku hana mtu wa kumsaidia, mmoja wao angetamka tu, mwanzo tu, yeye angeongezea, angetoa shuka, sufuria, godoro, chochote, kwa hiyo anamngoja dada mtu aseme, na dada mtu bila shaka anamngoja mjomba, na mjomba anajifanya hana habari, na mtoto amekaa huko alikokaa, anatazama simu, anaona kimya, kimya tangu asubuhi... Mungu wangu. Hakuna dau. Taa iliyolegea shingo, ya mtu asiyemjua, ameionea huruma akaikimbilia, na huyu aliyemzaa mwenyewe, aliyekuwa halali mpaka mlango uachwe wazi, amewaachia wengine wamwanzie, na uso unamwaka kwa haya, haya hasa, afadhali mzee amempa mgongo... "Kwani unamwandikia kitabu?" mumewe anacheka, bado kiatu kilekile, na taa bado ni yake peke yake, hakuna aliyekuja, haya, na iletwe, mtu hafi kwa taa, ila haitaingia chumba kile, mabuti yatatangulia kutoka, kisha mizani, kisha kitanda kitaonekana, na kidole kimeshaiacha picha, kinatafuta herufi, chumba kipo, mwanangu, kipo, ingawa hakipo, kitakuwepo kabla hujafika.