Zimwi Aliyekalia Mto

Usiku wa kuamkia leo niliota dadu inabisha hodi. Nikaifungulia. Ilikuwa kubwa kama kochi, ikaingia kwa kujiviringisha, ikakaa.

"Mazunde anakuita," ikasema. "Leo mnamuua."

Ni kweli. Kila Jumamosi wenzangu huja sebuleni kwetu, tunarusha dadu na kucheza mchezo wa kujifanya watu wa nchi tuliyoitunga wenyewe. Mimi ndiye msimulizi. Tunu, jirani yangu, ni shujaa mwenye upanga. Mazunde ni zimwi aliyeziba mto hadi kijiji kikakauka. Nilimtunga harakaharaka, maana shujaa asiye na adui anachosha.

Sebule inageuka ukuta wa mawe, na nyuma yake ziwa limejaa pomoni. Mazunde ameukalia ukuta, nywele zake zimeota majani.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali kabla sijafa. Mto niliuzibia nini?"

"Sijui. Sikufika huko."

"Miaka yote hii nimekalia maji nikidhani wewe unajua."

Niliona haya kwelikweli. Dadu ikakohoa. Katika mchezo wetu, ukishasema "mimi" kwa niaba ya mtu, unaona yale tu anayoyaona yeye.

"Basi sema," ikaniambia.

"Mimi ni Mazunde," nikasema, na papo hapo nikawa juu ya ukuta, makalio yamelowa.

Kutoka huku mambo ni mengine kabisa. Kijiji kiko bondeni, chini ya ukuta huu. Nikiinuka, ukuta utabomoka, maji yatazoa nyumba zote na watoto wamo ndani. Nisipoinuka, mahindi yanakauka, na wana haki ya kunichukia. Nawahurumia. Wao wananirushia mawe, nami siwezi hata kukwepa.

Tunu anapanda, upanga mkononi. "Samahani, kwa nini umewanyima watu maji?" anauliza. Tunu ni mtu wa adabu hata akija kuua.

Jibu ninalo. Nafungua kinywa. Lakini nilipomtunga Mazunde niliamua kwamba mbele ya mashujaa hunguruma tu. Nanguruma.

"Hata hajuti," anasema Tunu, anainua upanga.

Nanyoosha kidole kuelekea kijijini. Nanguruma tena kwa nguvu zangu zote. Naogopa sana, na si kwa ajili yangu. Nikianguka hapa, nani atayakalia maji haya?

Niliamka jua limeshatoka na simu inaita. Alikuwa Tunu.

"Kaka Mbwana, samahani kukusumbua asubuhi yote hii. Yule zimwi alikuwa ananionyesha kijiji. Alitaka kusema nini?"

Sikuwa nimemsimulia mtu ndoto yangu. Nikafungua kinywa nimjibu. Sauti yote ilikuwa imekwisha, ikatoka ngurumo kavu tu.



"Haya," akasema Tunu. "Taratibu. Upanga nimeuweka chini."