Fundo la Mkono wa Kushoto

Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hivyo fundo langu la miraa huzunguka kinyume na la kila mtu hapa Kianjai. Wanunuzi hulitambua kwa jicho tu. Mwingine anayefunga hivyo ni mmoja tu, binti yangu Kiende. Nilimfundisha mwenyewe.

Saa nne asubuhi afisa Ndambiri alifika kutoka Embu, akaweka picha juu ya majani ya mgomba niliyokuwa nikipanga. Ilikuwa mikono ya mzee, imefungwa kwa kamba ya mgomba. Mzee huyo alikuwa mwenye nyumba huko Embu, mtaa wa Majimbo, nyumba aliyopanga Mutuma, mpenzi wa Kiende. Walimkuta amekufa.

"Mama Kiende, nimeuliza soko zima," akasema. "Wote wananituma kwako."

"Wacha nimalize hiki kibunda."

Nilijua yote tayari. Kiende alikuwa amenipigia alfajiri kwa simu ya Mutuma, kutoka Nkubu walikojificha, baada ya mwaka mzima wa kimya. Kijana yule alikuwa amemtoa chuoni, akamnyang'anya simu, akamchagulia hata nguo. Mjinga mimi, nilidhani ni mapenzi ya utoto, yatapoa.

"Mami, Mutuma aliniambia nimfunge tu huyo mzee ndio anyamaze," alisema. "Sasa anasema ukisema ni wewe uliyemfunga, hawatakufanyia kitu. Wewe ni mtu mzima."

"Na wewe unasemaje?"

"Mutuma anasema..."

"Nimekuuliza wewe!"

Akacheka kidogo. "Ukikataa atanipiga tena. Lakini akinipiga, Mami, yeye ndiye hulia sana kuliko mimi."

Kicheko hicho kilinivunja moyo kuliko picha ya maiti. Hata hivyo nilikuwa nimeamua kuubeba mzigo. Nimechoka, nikasema moyoni, jela au soko ni mamoja.

Ndambiri alichukua kibunda changu, akakilinganisha na picha, akanitazama. "Ni wewe?"

Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Kisha nikawaza: nikienda mimi, Kiende anabaki na Mutuma.

"Ni Kiende," nikasema. "Wako Nkubu, nyuma ya kinu cha mahindi, kwa binamu ya Mutuma. Nenda leo. Mshike Kiende kwanza, kabla kijana hajajua."

Afisa alitoa kalamu, akaandika. "Mama, unaelewa atafungwa?"

"Naelewa. Huko kwa Mutuma nilikatazwa hata kumsalimia. Jela wataniruhusu kumwona."