Nyundo Mbili

Fundi Bati alikuwa amekaa kwenye kibao chake, amebana bati kati ya magoti, anakunja pindo la sanduku. Wanawe wawili walikuwa mbele yake, mkubwa akikata kwa mkasi, mdogo akigongelea ribiti za kuunganishia bati. Karakana ilikuwa upande wa barabara, nyumba nyuma yake, kisha ua mdogo wenye kamba ya nguo, na mwisho kabisa jiko. Ufagio ulipoanza kufagia ua, chwa, chwa, chwa, hakuna aliyegeuka kutazama. Uani hapakuwa na mtu. Alikuwa marehemu mama yao tu, na ile ndiyo ilikuwa saa yake ya kufagia.

Sauti zake zilianza asubuhi ya kwanza baada ya waombolezaji kuondoka. Ulianza ufagio, ikafuata ndoo ikitua chini, kisha kandambili zake, ambazo moja ilishonwa kamba kwa uzi na kila hatua ilichelewa kidogo kuliko mwenzake. Siku za mwanzo wote walinyamaza wakasikiliza, kwa heshima. Baadaye kazi zikabana. Mkamwana, mke wa mwana mkubwa, ambaye sasa ndiye aliyeshika jiko, alihamisha saa yake ya kufagia, maana alisema fagio mbili ua mmoja zinamchanganya. Akiwa na sufuria ya moto mkononi na kandambili zinakuja upande wake, alijibanza ukutani zikapita.

"Marehemu leo kachelewa na vyombo," alisema jirani mmoja aliyekuja kuazima ungo.

"Siku kama ya leo mwaka jana ulikuwa hapa, mkipiga soga naye," mkamwana akamjibu. "Ungemwachia aoshe mapema."

Jirani alikubali kosa, akachukua ungo akaenda zake.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa: sauti zilikuwa nyuma kwa mwaka mzima. Walilijua hilo siku birika lilipoanguka jikoni na kusambaratika bila kipande hata kimoja kuonekana sakafuni. Wote walikumbuka birika lile. Lilivunjika siku ya mvua ya mawe, mwaka uliopita, tarehe hiyohiyo. Kwa hiyo kila mtu katika nyumba ile alijua sauti zile zinaelekea wapi. Mama alikufa jikoni, mchana, katika majuma yale kabla shule hazijafunguliwa, wakati kila mzazi anataka sanduku la bati na anataka la mwanawe liishe kwanza.

Nyumba ya fundi bati haina kuitana kwa mdomo. Ukiita utakauka koo bure. Tangu alipoolewa, mama alikuwa akiita kwa upawa juu ya kifuniko cha sufuria, na maana yake ilikuwa chakula tayari. Karakana ikimsikia, Fundi alijibu kwa nyundo mbili juu ya kipande cha reli alichofanya kuwa fuawe: ta, ta. Maana yake, tunakuja. Halafu hawakuja. Pindo likianza kukunjwa halikatishwi katikati, litafunguka, na baada ya pindo hilo lilikuwapo jingine. Mama aliwafunikia chakula, akawangoja. Mazoea yana taabu, wasemao husema, lakini mazoea hayo hayakumpa taabu mtu yeyote aliyekuwa karakana. Mwito mwingine hawakuwa nao. Hakuna aliyefikiri kwamba jikoni kunaweza kutokea jambo lisilokuwa chakula.

Fundi alikumbuka kugongewa mara moja tu siku ile. Alijibu, akamalizia alichoshika, akaenda, akamkuta chini kando ya meko. Watu walimwambia amekwenda ghafla, hata hakujua. Aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Ndiyo yaliyokuwa yakimlaza usingizi, na sasa mwaka ulikuwa unakaribia kuisha na siku ile ilikuwa inakuja na sauti zake zote.

Akaanza kusikiliza. Aliwaachia wanawe kazi za asubuhi, akawa anakwenda kukaa kwenye kigoda jikoni, mikono magotini, kama mgeni aliyewahi kufika. Mkamwana alimzunguka akifanya kazi zake. Alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeanza kumtangulia mlangoni.

Fundi alisikia mambo mengi. Alisikia kwamba mkewe alipobeba ndoo alisimama katikati ya ua, akaitua, akahema, akaibeba tena. Mwezi uliofuata alisimama mara mbili. Alisikia mlango wa jiko ukilia kwii, mgongo wake ulipouegemea, na baada ya hapo pumzi ndefu iliyotoka kwa vipande. Alimsikia akionja mchuzi na kujisemea, "Chumvi imezidi, watasema." Na kweli walisema, alikumbuka, yeye ndiye aliyetangulia. Alisikia kikohozi kilichozibwa kwa nguo.

Mtu huyu aliweza kukaa karakana na kujua kwa mlio tu bati lipi jembamba na ribiti ipi haikukaa sawasawa. Pumzi ya mkewe ilikuwa inakatika upande wa pili wa ukuta na hakuijua. Jambo hilo lilimuuma, likamuuma zaidi kwa kuwa hakuwa na wa kumwomba radhi, ila kandambili.

"Kwa nini hakusema?" alimuuliza mkamwana.

"Alisema, baba. Wewe hukusikia, nyundo zilikuwa zinalia."

"Alisema lini?"

"Subiri Jumatano," mkamwana akasema, akiendelea kuchambua mchele. "Tarehe ya Jumatano hii ndiyo aliyosema. Nilikuwa nimekuja kuwasalimu, nikasikia nikiwa nyuma yake."

Jumatano ilipofika Fundi alizifuata kandambili, akamsikia mkewe akitembea hadi mlango wa karakana, akisimama, na kusema, "Baba Watoto, kifua kinanibana." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayekumbusha kwamba mkaa umekwisha. Halafu kandambili zikarudi jikoni, moja ikichelewa.

Siku yenyewe ilipowadia, Fundi aliwaambia wanawe karakana isifunguliwe.

"Baba, watu wa masanduku watatumeza wazimawazima," alisema mkubwa.

"Pelekeni yaliyokwisha. Mchana nataka kimya."

Walipakia masanduku kwenye mkokoteni wakaondoka. Mdogo aligeuka nyuma mara moja, kisha akausukuma mkokoteni. Fundi alikaa kwenye kigoda. Mkamwana alizima moto wake ili usichanganyike na wa marehemu, akakaa sakafuni, miguu ameinyoosha.

Sufuria ilianza kutokota. Ndoo ikatua, karibu sana na mlango. Pumzi zikaja, fupi fupi. Upawa ukaanguka, mkono ukapapasa sakafuni hadi ukaupata. Kisha kifuniko kikagongwa.

Kutoka karakana, ambako hapakuwa na mtu na kufuli lilikuwa mlangoni, ilisikika reli: ta, ta.

Mwaka mzima hawakuwa wamesikia sauti isiyokuwa ya marehemu. Mkamwana alimtazama baba mkwe wake. Fundi hakushangaa. Nyundo mbili zile zilipigwa kumjibu mkewe, zikawa mali ya mkewe, na sasa mkewe alikuwa anazirudisha pamoja na vitu vyake vingine.

Kifuniko kikagongwa tena, kwa nguvu zaidi. Ta, ta, ikajibu karakana. Kikagongwa mara ya tatu, taratibu, kila pigo likiwa mbali na mwenzake. Jibu lilikuja vilevile, na safari hii lilikuja haraka, jibu la mtu aliyeudhika kidogo. Fundi aliutambua mkono wake. Akaukumbuka hata ule udhia: alikuwa amesema kimoyomoyo, huyu mwanamke leo ana njaa gani. Mapigo mengine yalifuata, hafifu, na kila moja lilipata nyundo zake mbili. Halafu kifuniko kikaanguka, kikazunguka sakafuni, kikazunguka, kikatulia. Baada ya hapo ikabaki sufuria peke yake. Ilitokota hadi ikafurika juu ya moto, ikakauka, ikaanza kupasuka pasuka kwa kuungua, na bado hakuna aliyekuja.

"Alikuwa anaita, baba," mkamwana akasema.

"Nimesikia."

"Na nyinyi mkajibu."

"Tulijibu," Fundi akasema. Akalia, kwa sauti, kama walivyolia wageni siku ya maziko wakati yeye alikuwa anashughulika na viti.

Jioni aliwaeleza wanawe. Walimsikiliza hadi mwisho. Mdogo alifunika uso kwa kiganja. Mkubwa alisema, "Sote tulikuwepo, baba. Kazi zilikuwa zimetubana." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, akasema watatengeneza kengele ya bati kwa ajili ya jikoni, iwe ya ugonjwa peke yake, isichanganywe na chakula.

"Kengele ya nini?" mkamwana akauliza. "Kifuniko kinanitosha. Anayekosekana ni mtu wa kuja."

Walikubali kwamba amesema kweli. Hata hivyo kengele ilikatwa, na msumari wake ukapigiliwa kwenye mhimili wa ua. Oda mpya zilipoingia, bati la kengele likatumika kuzibia kona ya sanduku la mteja mwenye haraka.

Sauti hazikurudi. Asubuhi iliyofuata ua ulikuwa kimya, na mkamwana akarudi kufagia saa aliyoitaka. Jirani aliuliza habari za marehemu, akaambiwa ameshamaliza. "Apumzike sasa," jirani akasema, "alikuwa mchapakazi," akarudisha ungo.

Siku chache baadaye karakana ilikuwa imejaa masanduku hadi mlangoni. Fundi alikuwa kwenye kibao chake, bati kati ya magoti, pindo limefika nusu. Wanawe walikuwa wanagonga. Jikoni, kifuniko kikalia.

Mkono wake uliinuka wenyewe ukapiga reli: ta, ta.

Akaitazama nyundo. Wanawe hawakuinua macho. Kutoka nyuma, katikati ya mapigo yao, alisikia ndoo ikitua katikati ya ua, ikabebwa tena. Alisikia mlango ukilia kwii, na baada yake pumzi ndefu, ya vipande. Aliisikia vizuri kabisa, kwa kuwa sikio lake sasa lilikuwa limefundishika, na alijua kwamba uani hapakuwa tena na marehemu, ila mkamwana.

Pindo lilikuwa nusu. Akalimaliza, akageuza bati, akaanza upande wa pili.