Saa Iliyomngoja Oiva

Alhamisi moja ya Februari, saa tano na dakika ishirini asubuhi, Oiva alikuwa bado hajaelewa kwa nini robo tatu ni kubwa kuliko nusu, na kwa hiyo saa ya darasani ilisimama. Mwalimu Taimi aliitazama pale ukutani, akavuta kiti, akaketi. Watoto wengine kumi na watatu walitoa sufu na sindano zao, wakaendelea na soksi walizokuwa wakifuma. Jikoni, Eila mpishi alisikia ule ukimya akapunguza moto chini ya sufuria. Alhamisi nchi nzima hunywa supu ya njegere, kuanzia kambi za jeshi hadi shule za chekechea, na njegere zikiungua hazina msamaha.

Saa yenyewe haikuwa mbovu. Fundi aliikagua mara mbili akaona iko salama. Ilikuwa na desturi moja tu, kwamba haisogei mpaka mtoto wa mwisho aelewe. Ikisimama, kila kitu nje husimama nayo: jua hubaki pale pale juu ya misonobari, na dereva wa teksi ya shule hubaki ameinua kikombe cha kahawa asikifikishe mdomoni, wala hajui. Ndani watu huendelea kuishi. Oiva alipojifunza kutoa kwa kukopa, somo lilichukua siku kumi na moja, na mama yake alipokuja kumchukua alimkuta mlangoni muda ule ule wa kila siku, kofia kichwani.

Watoto hawakuzeeka kwa kungoja huko, maana mtoto hukua wakati wa mapumziko tu, tena akiwa nje kwenye theluji. Waliozeeka ni walimu. Kitambulisho cha Taimi kilisema ana miaka arobaini na sita, na uso wake ulisema sitini na mitatu. Hakuna aliyempa pole. Kijiji cha Kuikkavaara kina tabia hiyo, mtu akichagua kazi huachwa aifanye. Watoto nao walimwita Taimi, jina tupu bila cheo, na heshima ilikuwa pale pale.

Wageni walikuja kila mwezi. Walitoka nchi kubwa kubwa, zenye wizara za ghorofa thelathini, wakitaka kujua kwa nini kinchi cha watu wachache, kilichofunikwa na theluji nusu mwaka, kinawashinda wao kwa elimu. Walivuliwa viatu mlangoni, wakatembea kwa soksi kama watoto. Walipiga picha madawati. Walikunywa supu, na supu nayo wakaiandika.

"Mkaguzi huja lini?" mgeni mmoja alimuuliza Taimi.

"Haji. Mimi nipo."

"Na mwanafunzi wenu bora mnamweka darasa gani?"

"Yule pale, anafuma. Hesabu zake amemaliza juzi."

"Si nimesikia somo limeanza leo asubuhi?"

"Ndiyo. Limeanza leo asubuhi, juzi."

Mgeni aliandika hilo pia. Kisha akafunga daftari, akasema kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, nikuambie ukweli. Kwetu darasa lina watoto sabini. Nikimngoja mmoja, sitini na tisa watanipanda kichwani. Anayebaki nyuma, kabaki."

"Ninyi ni wengi, mnaweza kupoteza," alisema Taimi. "Sisi tuko wachache. Hatuna mtoto wa kutupa."

Jibu lilikuwa hilo, na lilikuwa lote. Mgeni alishukuru, akauliza saa ile inauzwa wapi. Ilikuwa saa ya kawaida ya kiwandani, ipo kila duka. Wageni walinunua mia nne, wakazitundika kwao, na zote zinaenda vizuri sana bila kusimama.

Sasa turudi Alhamisi ile. Siku ya nne Oiva aliinamia daftari, akachora duara, akaligawa, akalitazama kwa muda mrefu, akasema, "Aa." Saa ikapiga tiki. Watoto wakaenda kula.

Saa sita na nusu mchana ikafika kamati ya elimu ya halmashauri, wajumbe saba na katibu wao, Sirpa. Walikuja kuifunga shule. Sheria inataka wanakijiji wasikilizwe kabla shule yao haijafungwa, na watu wa nchi hii ni watiifu kwa sheria kuliko kwa mama zao, kwa hiyo walikuja kusikiliza. Kikao kilipangiwa ukumbi wa kulia chakula. Lakini Eila alikuwa ndio kwanza amepiga deki, na Eila hamruhusu mtu kukanyaga sakafu mbichi kwa soksi, awe mwenyekiti au awe askofu.

"Nendeni darasani," alisema. "Kuna viti."

Walienda, wakajibana kwenye madawati kando ya watoto, magoti yakigusa ndevu. Kosa lao lilikuwa hapo, kwa sababu anayeketi kwenye dawati huhesabiwa mwanafunzi.

Mwenyekiti, Tauno Heiskari, alisoma hoja. Watoto ni kumi na wanne tu. Paa linavuja. Kilomita hamsini na nne kutoka hapo iko shule mpya ya kioo, ina nafasi tele, na basi litawachukua watoto saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Alimaliza, akauliza kwa mazoea, "Wote tumeelewa?"

"Ndiyo," walijibu wajumbe.

Saa ikasimama, saa saba kasoro dakika kumi.

Taimi akavuta kiti, akaketi. "Kaeni vizuri," alisema.

"Tuna kikao kingine saa nane," alisema Tauno.

"Saa nane itawangoja."

Siku ya kwanza wajumbe walizungumzia paa. Siku ya pili walizungumzia paa. Siku ya tatu haradali ya kutilia kwenye supu ikaisha, supu ikabaki, na mmoja wao akauliza kama kuna sauna, chumba cha kuoga mvuke. Haikuwapo. Walilala kwenye magodoro ya mazoezi. Taimi aliwafundisha kama anavyofundisha siku zote: kila mmoja aeleze kwa maneno yake mwenyewe, na akikwama, mtoto akae naye. Tauno alipewa Oiva. Watoto waliona ni sawa, kwa kuwa Oiva ndiye mzoefu wa kutoelewa.

"Umekwama wapi?" Oiva alimuuliza.

"Sijakwama. Nimeelewa yote."

"Saa inasema hapana. Usione haya, mzee. Hata mimi husema nimeelewa ili watu waniache."

Tauno alikuwa mwepesi wa kuelewa tangu utotoni, na kwa sababu hiyo hakuwahi kukaa na jambo lolote zaidi ya dakika mbili. Alikuwa mgumu kuliko wote.

"Shule ile ya kioo," alisema Oiva, "darasa lina watoto ishirini na wanane. Nilipelekwa kuitazama. Niliinua mkono, kengele ikalia, watu wakatoka. Mkono wangu ukabaki juu peke yake."

"Utazoea."

"Nitazoea nini?"

Tauno alirudisha bakuli lake la supu jikoni. Siku ile hakula.

Ilifika siku ya tisa. Ndevu za wajumbe zilikuwa vifuani, na Sirpa alikuwa amemaliza kufuma sweta zima akaanza mikono ya la pili. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wameshaelewa. Tauno akasimama dirishani, akatazama theluji isiyoanguka, akaeleza kwa maneno yake mwenyewe.

"Wale wageni hawavuki bahari kuja kutazama kioo," alisema. "Wanakuja kwa ajili ya huyu Oiva. Nchi nyingine zinawakimbiza wa mbele, sisi tulikaa na wa mwisho, basi. Tukimpandisha kwenye basi lile tunajikata mguu tuliosimamia."

Saa ikapiga tiki.

Eila alifuta macho kwa aproni, akaleta kahawa. Kijiji hakijawahi kusikia mtu wa halmashauri akisema jambo kwa ufasaha kama ule, na watoto walimpigia makofi, kwa sababu yeyote anayeelewa hupigiwa makofi. Tauno aliinama kidogo. Alikunywa kahawa yake, akarudi kwenye dawati, akasema, "Sasa tupige kura."

Mikono saba iliinuka kuifunga shule.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio haya yalisikia. Yalisikia kila neno, yakaimeza dawa yote, yakalamba na kijiko. Watu wa Kuikkavaara wangewasamehe wajinga. Kwa hawa hawana msamaha mpaka leo, na hawaoni sababu ya kuutafuta.

Oiva akainua mkono. "Sijaelewa."

Saa ikasimama.

Wajumbe walishusha pumzi, wakavua tena makoti. Tauno alijikunja mbele ya dawati la mtoto, akasema naye taratibu, wala hakumdanganya. Hiyo ni sifa yake na tumwachie.

"Sikiliza. Tunajua ni makosa. Lakini shule ya kioo imeshajengwa, na ilijengwa kubwa kwa sababu tulikuhesabu wewe na wenzako humo ndani. Msipokuja, itaonekana tulijenga bure. Watu watauliza nani aliamua. Ni sisi saba."

Oiva aliliwaza hilo kwa siku tatu. Hakuna aliyemharakisha. Siku ya tatu alisema, "Nimeelewa."

Saa ikapiga tiki.

"Lakini sikubali," alisema Oiva.

Saa ikaendelea kwenda. Huwa inangoja watu waelewe, haingoji wakubali, na udhaifu wake huo unajulikana tangu zamani.

"Iandikwe basi kwamba sikubali," alisema Oiva. "Baba akikataa jambo kwenye ushirika wa maziwa, wanamwandika."

"Pingamizi huandikwa la mjumbe wa kikao tu," alisema Sirpa bila kuinua kichwa.

"Kwa nini?"

Saa ikasimama.

"Jamani!" alisema mjumbe mmoja, akajilaza chini kwenye godoro.

Sirpa alifungua kitabu cha sheria, akasoma kwa sauti. Oiva hakuelewa. Akasoma tena polepole. Oiva akauliza kama mtu akikaa kikaoni siku kumi na mbili, akamfundisha mwenyekiti mpaka akaelewa, bado hajawa mjumbe. Sirpa akasema hajawa. Oiva akauliza kwa nini. Tauno akajaribu, wengine watano wakajaribu, na yule wa kwenye godoro naye akajaribu akiwa amelala. Siku ya pili Sirpa alimtazama Taimi, kama mwanafunzi anayetaka kupewa jibu. Taimi alikuwa akinoa penseli.

"Mimi si mjumbe," alisema Taimi. "Jibu mwenyewe."

Sirpa akachukua kalamu. Chini ya hoja ya kuifunga shule aliandika: *Oiva Kettunen, miaka tisa, ameelewa sababu zote na hakubali.* Akalisoma mbele ya kikao. Wajumbe wote saba wakatia sahihi, kwa kuwa ni watiifu kwa kilichoandikwa. Oiva hakuwa na swali tena, saa ikapiga tiki, dereva wa teksi akafikisha kikombe mdomoni, na wajumbe wakaenda kwenye kikao cha saa nane na ndevu zao, wala hawakuchelewa. Nyumbani wake zao hawakuuliza kitu. Waliwasha sauna, wakatafuta mkasi.

Wageni bado wanakuja. Siku hizi hupelekwa kwenye shule ya kioo, huonyeshwa ngazi na michoro ya rangi, huuliza siri ni nini, na mkuu wa shule huwaeleza kwa nusu saa.

Shule ya Kuikkavaara ilifungwa Jumamosi ya kwanza ya Juni, siku ambayo mwaka wa masomo huisha. Tauno alileta maua kwa niaba ya halmashauri. Taimi aliyapokea, akayaweka kwenye ndoo ya deki. Kisha akaingia darasani akafunga mlango, akawaeleza watoto kumi na wanne kinachotokea siku ile na nani aliyeamua, kwa majina, akaanza na mtoto aliye nyuma. Alijiandaa kukaa mwaka mzima. Aliwauliza mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa ameelewa tangu zamani. Saa haikusimama hata kidogo. Shule ilifungwa saa sita kamili mchana, kwa wakati.